Popo Huyu, Popo Hiki

Nchi ya Kongamania haina bandari wala stendi ya mabasi, na bado kila mwaka watu wanafika, tena si haba. Wanafika kwa mwaliko. Ukiletewa barua yenye muhuri wa dhahabu, umeshafika. Usipoletewa, hata ungezaliwa kizingitini pake huingii. Kwa hiyo habari za njiani tuziache. Tuanzie kwenye meza ya mapokezi, siku ambayo Daktari Mgeni binti Faki, mtaalamu wa popo kutoka Kidundo, alisimama pale na mtandio wake wa zambarau, akaulizwa jina.

"Mgeni," alisema.

"Hilo tunaliona, bibi. Humu wote ni wageni. Jina?"

"Ndilo hilo. Mgeni."

Afisa wa mapokezi akamtazama kwa huruma. "Mgeni wa nani?"

"Wa Faki. Faki ni baba yangu."

"Basi nimeandika 'Faki, ambaye ni mgeni,'" alisema afisa, ameridhika kama mtu aliyemtatulia mwenzake tatizo kubwa, akamvisha kitambulisho shingoni.

Katika Kongamania mtu hasalimiwi uso, husalimiwa kitambulisho. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo kamba inavyorefushwa, hata wakubwa hutembea na vitambulisho vinavyowagonga magotini, na anayetaka kuwasalimu huinama mpaka chini ili asome anamsalimu nani. Cha Mgeni kilikaa karibu na kidevu. Hakuna ambaye angepata shida kukisoma, na hakuna aliyekisoma.

Mwenyewe hakujali, maana alikuja amebeba furaha ya watu wengi. Barua yenye muhuri wa dhahabu ilikuwa imesema kwamba Baraza Kuu la Wanyama la Kongamania, katika kikao chake kijacho, litakata shauri la kuhifadhi "popo vya Kidundo". Watu wa Kidundo walilicheka lile neno "vya", wakasema mpiga chapa alikuwa na usingizi, kisha wakapiga ngoma. Walikuwa na haki ya kupiga ngoma. Msitu wa Kidundo haukupandwa na mtu. Ulipandwa na popo, wanaokula matunda upande huu na kuangusha mbegu upande ule, na chini ya msitu huo ndiyo chemchemi wanayokunywa Kidundo nzima. Mgeni ndiye aliyeuthibitisha uhusiano huo, kwa miaka ya kukesha na kukwea miti, na shahada yake ilitundikwa ukutani nyumbani kwao ikiwa na picha ya popo pembeni. Hakuna mtu wa Kidundo anayemrushia popo jiwe, na wanajivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia timu yao ya mpira.

Mama yake, Bi Kazija, alimsindikiza hadi mlangoni. "Nenda kawape ahsante," alimwambia. "Na huko uendako usiwaseme vibaya popo wetu. Watu wa kwetu wale."

Mwenyeji aliyepewa alikuwa Bwana Itifaki, mwanamume mpole mwenye kamba ya kufika kiunoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni mahali pa kusimama. Alimpa begi lenye picha ya ndege. Katika Kongamania kila mjumbe hupewa begi lenye picha ya mnyama, na begi linaloheshimika kuliko yote ni lile lenye mnyama aliyekwisha duniani. Bwana Itifaki alimpongeza: ndege wake hakuwa amekwisha bado, ila matumaini yalikuwa makubwa.

Kisha akampeleka kwenye Ghala la Hifadhi. Lilikuwa jumba refu lenye baridi ya viyoyozi hata wafanyakazi wake walivaa makoti, na huku na huku walipangwa wanyama wa shaba, wa plasta na wa vioo, kila mmoja na taa yake. Chini ya kila mmoja paliandikwa urefu wake, uzito wake, na majina ya wajumbe waliokaa kikao chake.

"Vyote hivi vimehifadhiwa," alisema Bwana Itifaki, na sauti yake ilijaa fahari.

"Mashaallah. Na wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe kina nani?"

"Hawa. Wanyama."

Bwana Itifaki alisita, akatafuta namna ya kumweleza bila kumwaibisha. "Daktari, kwani kwenu kuhifadhi ni nini?"

"Ni kumlinda mtu asidhurike."

"Ahaa. Hapa kuhifadhi ni kama vile mwanafunzi anavyohifadhi shairi. Akishaliweka kichwani, karatasi ya nini tena? Mnyama kikishahifadhiwa na Baraza, kinakuwa salama milele humu ndani. Na chenyewe kinapumzishwa."

"Kinapumzishwa vipi?"

"Kinaondolewa," alisema Bwana Itifaki kwa upole. "Nafasi ni ndogo, Daktari. Lakini kwenu nyinyi mmebahatika. Msitu ukishasafishwa, patajengwa Ukumbi wa Kudumu wa Mikutano ya Popo. Ile chemchemi itakuwa bwawa la kuogelea la wajumbe. Michoro nimeiona. Inapendeza kweli."

Mgeni alifikiria ngoma iliyopigwa nyumbani, na vile yeye mwenyewe alivyocheza mbele ya wote, na akaona haya, kisha haya ikageuka hasira. Watu wa Kidundo walikuwa wameshangilia kufutwa kwao. Alikuwa na kikao kimoja tu cha kulizuia shauri hilo, nacho kilikuwa siku ileile, alasiri.

Mlangoni mwa ukumbi wa Baraza palichongwa kwa herufi kubwa sheria ambayo Wakongamania wanaiona ndiyo roho ya nchi yao: HAKUNA YEYOTE ATAKAYEKATIWA SHAURI NAYE HAYUPO. Mgeni aliisoma, moyo ukamtulia kidogo.

"Sheria nzuri," alimwambia Bwana Itifaki. "Sasa popo wangu watakatiwaje shauri nao hawapo?"

Aliyejibu ni mwanamke mwembamba aliyesimama pembeni ya mlango na kengele ndogo ya fedha mkononi. Huyo ndiye Bi Fasaha, Mlinzi wa Sarufi, na katika Baraza lile hakuna aliyeogopwa kuliko yeye.

"Sheria inasema 'yeyote', Daktari. Haisemi 'chochote'. Katika nchi hii mnyama ni kitu. Tembo hiki, chui kile, popo hivi. Ukisema 'popo huyu', umekosea, na mimi nitapiga kengele."

"Lakini Kiswahili hakisemi hivyo. Kiumbe chochote chenye pumzi tunakisema kama mtu. Hata siafu anayekuuma, unasema ameniuma."

"Hapo ndipo wazee wetu walipoona hatari," alijibu Bi Fasaha bila ukali. "Tukianza kukiita mnyama 'yeye', kesho itabidi tumwulize anatakaje. Tungefanya mikutano mingapi kwa mwaka? Kengele tatu, Daktari, na unashushwa jukwaani. Hoja isiyo na mpinzani hupita. Aliye jukwaani ana haki ya ombi moja tu."

Mgeni alitaka kucheka, ila hakuweza. Kwao, mtu asiyejua kusoma wala kuandika akimwona popo husema "analala", na hajui kama katika tamko hilo amempa popo heshima ileile anayompa jirani yake. Lugha imempa bure, tangu tumboni. Mgeni hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Sasa alilifikiria, na alijisikia mtoto wa watu wakubwa sana.

Alipoingia ukumbini, kikao cha tembo kilikuwa kinamalizika. Ubishi ulikuwa mkali, lakini haukumhusu tembo. Wajumbe walikuwa wanabishana iwapo tamko liseme Baraza "linasikitika sana" au "linasikitika mno". Kwa mujibu wa Sheria ya Umbali, mjumbe anayeishi mbali zaidi na mnyama ndiye anayepewa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hana upendeleo. Aliyesimama jukwaani alitoka nchi ya theluji na alikuwa anazungumza tangu asubuhi. Wajumbe waliotoka kwenye nchi za tembo walikuwa nje ya ukumbi, kwenye ujia, wamesimama kila mmoja kando ya bango lake kama wauza vitunguu siku isiyo ya soko, wakimsubiri anayekwenda msalani apunguze mwendo.

"Mno" ikashinda. Wajumbe wakakumbatiana, wengine wakitokwa machozi, wakaenda kunywa chai.

Mgeni hakwenda. Alikaa kwenye kiti chake cha nyuma, akautazama ukumbi ule kwa jicho la kazi yake. Haukuwa na dirisha hata moja. Mataa makubwa yaliwaka juu, nayo, alivyoelezwa, hayazimwi wakati Mwenyekiti amekaa, kwa sababu ni aibu kwa mkubwa kutoonekana. Kiti cha Mwenyekiti kilikuwa juu ya ngazi, na mbele yake palipangwa mlima wa mapera, maembe na ndizi mbivu, ambao kwa desturi hauliwi na mtu. Ni wa kupigwa picha. Na pale kwenye zulia, chini ya ngazi, palikuwa na madoa meusi yenye mbegu ndogondogo.

Mgeni aliinama, akachukua mbegu moja, akaisugua kwa kidole. Pera.

"Kwani matunda haya huwa yanapungua?" alimwuliza Bwana Itifaki, aliyerudi na vikombe viwili.

"Kila usiku. Tunaamini ni kwa itifaki."

Mgeni akainua macho taratibu kwenye dari, akatazama pale vivuli vilipokutana na boriti za nakshi. Kisha akanywa chai yake yote, bila haraka.

Kikao cha popo kikafunguliwa. Mwenyekiti, Mtukufu Azimio, alipanda ngazi akisaidiwa na watu wawili, kwa sababu kitambulisho chake kilifika chini ya magoti na kilimkwaza. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri. Alikuwa ameongoza vikao vya popo maisha yake yote na kuandika juu ya popo vitabu vya kujaza kabati, na kila mtu alimpenda. Akamwita "Faki, ambaye ni mgeni."

Mgeni akapanda jukwaani. "Mtukufu Mwenyekiti, popo wa Kidundo wanawasalimu—"

Kengele.

"Samahani. Popo ambao—"

Kengele ya pili. Ukumbini watu wakaguna. Bwana Itifaki alimtazama kwa macho ya kumsihi: sema tu, Daktari, sema "vi", neno dogo hilo litakugharimu nini?

Mgeni alijaribu. Aliufungua mdomo aseme "popo vya Kidundo", na mdomo ukakataa. Akawaona wale popo wakubwa wa miti ya nyumbani, jike anavyomfunika mwanawe kwa bawa mvua ikinyesha, akasikia sauti ya mama yake: watu wa kwetu wale. Hakuwa tayari kumwita mtu wa kwao kitu, hata kwa ajili ya kumwokoa. Na ukimya wake ukiendelea, hoja ingepita.

"Mtukufu," alisema hatimaye, akilipima kila neno, "nimeambiwa aliye jukwaani ana haki ya kuomba jambo moja, na halikataliwi."

"Ni kweli. Isipokuwa muda."

"Siombi muda. Naomba taa zizimwe mpaka muda wangu uishe."

Minong'ono ikazagaa. Haikuwahi kutokea. Lakini haki ni haki, na Mtukufu Azimio alikuwa mtu wa sheria. Akatoa ishara. Mataa yakazimika, na ukumbi wote, na vitambulisho vyote, virefu na vifupi, vikatoweka gizani.

Mgeni alijua jambo ambalo kwa mtaalamu wa popo ni dogo. Popo wa ukumbi usio na dirisha hana habari na jua. Jua lake ni yale mataa, na mataa yakizimwa kwake ni magharibi. Alijua pia kwamba mapera yale yalikuwa yameiva vizuri. Hata hivyo hakuwa na amani, maana kujua ni kitu kimoja, na kuwategemea wenzako watokee ni kitu kingine. Njooni, aliomba kimoyomoyo. Jamani, leo njooni.

Kwanza ilisikika kama mtu anakung'uta kanga. Halafu kanga mbili. Halafu upepo ukampita Mgeni shavuni, wenye harufu aliyoijua tangu utotoni, na akatabasamu gizani peke yake.

Pale juu ya ngazi mapera yakaporomoka. Kisha sauti nzuri ya Mtukufu Azimio, sauti iliyosoma matamko yote ya Baraza, ikapaa mpaka darini:

"Huyo! Ameingia! Anakuja kwangu huyu! Mtoeni jamani, ananitazama! Ameshika kamba yangu, huyu, huyu!"

Halafu, gizani, kengele ikalia.

Mataa yakawashwa. Mtukufu Azimio alikuwa amesimama juu ya kiti chake kitukufu, na kwenye kamba ya kitambulisho chake, ndefu kuliko zote katika nchi, alining'inia popo mmoja kichwa chini, pera mdomoni, anatafuna bila wasiwasi. Kamba ya cheo cha chini isingemfaa. Wenzake walikwisha kurudi zao darini.

"Kengele hiyo imepigwa kwa nani?" aliuliza Mwenyekiti, bila kuyaondoa macho kwa popo.

Bi Fasaha aliificha kengele nyuma yake. "Kwa Kiti, Mtukufu. Mtukufu amesema 'huyu'. Amesema 'ameingia'. Amesema 'ananitazama'."

Huo ukawa mjadala mrefu kuliko wa tembo. Katika Kongamania Kiti hakikosei. Hilo liko juu ya sheria zote. Na kengele ya sarufi nayo haipigwi bure. Waliotoka mbali walisema sana, waliotoka karibu waliingia kutoka kwenye ujia na mabango yao kwapani kusikiliza. Mwisho Bi Fasaha akaomba neno.

"Ama Mwenyekiti amekosea," alisema, "ama sarufi yetu imekosea."

Kila mjumbe akatazama viatu vyake.

"Sarufi imekosea," alisema Mtukufu Azimio, akashuka taratibu kutoka kitini, akiishika ile kamba kwa mikono miwili ili aliyening'inia asitikisike. "Popo huyu. Andikeni hivyo. Popo huyu, popo hawa. Na tembo huyu, na chui yule."

Walipiga makofi, maana hupigia makofi kila azimio. Makofi yalipopungua, Mgeni binti Faki akasema kutoka jukwaani, na hakuna kengele iliyolia:

"Kama popo ni 'yeyote', waheshimiwa, basi naomba mgeuke msome mlangoni."

Wakageuka wote. Wengi wao walikuwa wamepita chini ya maandishi yale kwa miaka bila kuyasoma. Ilichukua muda, na ungeweza kuona mahali palepale kila mmoja alipofika kwenye neno "hayupo", kwa namna alivyoacha kutabasamu.

Shauri la popo wa Kidundo likasimamishwa mpaka wenyewe watakapohudhuria. Na kwa kuwa sheria ni moja, la chui likasimamishwa, na la kasa, na la tembo pia pamoja na "mno" yake. Ajenda yote ikabaki nyeupe. Baraza likaenda kunywa chai.

Mtukufu Azimio alibaki nyuma. Popo alikwisha kumaliza pera na kurudi darini, ameacha doa kwenye kitambulisho, juu kabisa ya jina, na Mwenyekiti hakulifuta.

"Ana macho makubwa, Daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Nimewaandika maisha yangu yote. Sikujua kama wana macho vile."

"Wanayo, Mtukufu," alisema Mgeni. Alikuwa amejitayarisha kumchukia mzee yule, akashindwa.

Siku ya kuondoka Bwana Itifaki alimletea bahasha yenye muhuri wa dhahabu. Ndani yake mlikuwa na kadi ya mwaliko, nayo yenye muhuri kama huo, kwa "Waheshimiwa Popo wa Kidundo, popote walipo mtini", ikiwaomba kwa unyenyekevu wahudhurie kikao kijacho, na wathibitishe mapema ili waandaliwe mahali pa kukaa. Neno "kukaa" lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake, kwa mwandiko mwembamba wa Bi Fasaha, pakaandikwa "kuning'inia".

Watu wa Kidundo walikuwa wanamsubiri nje ya nyumba ya kina Mgeni, na ngoma zimeshawambwa. Bi Kazija alimshika mwanawe mabega, akamtazama usoni.

"Wamehifadhiwa?"

"Hawakuhifadhiwa, Mama, alhamdulillahi," alisema Mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke akalia, akacheka, akalia tena. Akawaeleza yote. Walipoisikia habari ya kamba na pera walicheka mpaka wapigaji wakaziweka ngoma chini. Walipoisikia habari ya bwawa la kuogelea hakucheka mtu.

Sheria ya Kongamania inataka mwaliko ufikishwe kwa mwalikwa mwenyewe. Kwa hiyo jioni ileile waliongozana hadi ukingoni mwa msitu, wakaifunga ile kadi kwa uzi kwenye tawi la chini la mzambarau, upande wa dhahabu juu. Wakasogea nyuma kidogo, wakasimama. Chemchemi ilisikika chini ya miti. Jua lilipozama popo wakaanza kuondoka, kwanza mmoja mmoja, halafu wengi mpaka anga likajaa, na watu wa Kidundo, wakubwa kwa wadogo, waliinua nyuso juu kuwatazama watu wa kwao wakipita.

Kitu kikaanguka kwenye kadi: paf.

Bi Kazija akaenda akainama, akaangalia kwa makini. Katikati ya muhuri wa dhahabu palikuwa na doa jeusi lenye mbegu tatu za zambarau.

"Mwanangu," alisema, "washajibu."